Rafu ya Juu

Miaka ishirini na sita, posta ya Dharwad,
mkono huu umegonga muhuri,
ta! ta! ta!
juu ya harusi, madeni, matokeo ya mitihani,
hadi siku bega lilipogoma.
Limeganda, akasema daktari,
kana kwamba ni samli ya Desemba.

Irawati wa ghorofa ya chini, aliyewahi kufundisha mbio,
alinichorea vijitu vya vijiti nyuma ya kalenda:
huyu ameinama, huyu amejipinda, huyu kalala.
"Usishindane na mtu," akasema,
"hata na hawa wa kwenye karatasi."

Saa kumi na nusu alfajiri, kabla maji hayajaja
(huja mara moja kwa siku sita, yakikohoa bombani),
natandika zulia la pamba kati ya kitanda na pipa la mchele.
Nainua mkono: unafika kidevuni.
Navuta pumzi: inafika shingoni, inageuka,
kama mgeni aliyekuta mlango umekomewa.

Wiki ya tatu niligundua nimeyauma meno.
Tangu lini? Sikumbuki kuyaamuru.
Nikayaachia, sikio likazibuka,
nikasikia sufuria la jirani likipiga mluzi,
mluzi ambao, naambiwa, hupigwa kila siku.

Mkao wa maiti ndio ulionishinda.
Kulala chali, viganja wazi, bila kazi!
Nilipofumba macho akaja kaka yangu Shivappa
na shamba la mtama la baba,
na ule uzio wake wa usiku mmoja,
na barua aliyoniandikia baadaye, ambayo mimi,
niliyepitisha barua za mji mzima,
niliitupia rafu ya juu, nyuma ya kopo la achari,
bila kuifungua. Miaka tisa.
Nililia chali hivyo hivyo, masikio yakajaa machozi.
Kisha nikainuka, nikachemsha maziwa.

Nilidhani bega ni ugonjwa wa muhuri.
Sasa sijui. Ninachojua, nikimtaja, linapanda lenyewe
kama mgongo wa paka aliyeona mbwa,
nami nalishusha. Silikemei.

Mkono ulifika sikioni mwezi Machi.
Mvua ziliponyesha ukarudi kidevuni, nikaapa kuacha,
kesho yake nikatandika zulia.

Leo, kwa ncha za vidole,
kwa pumzi iliyoteremka mpaka kiunoni,
niligusa rafu: vumbi, kopo, pembe ya bahasha.
Nikaiteremsha.
Muhuri ule ni wangu. Niliugonga mimi,
siku hiyo, kwa mkono huu, bila kutazama jina.

Bomba likaanza kukohoa.
Nikailaza barua juu ya zulia,
palipobaki joto la mgongo wangu,
nikatoka na ndoo kukinga maji.
Ya nne ikafurika, ikanilowesha miguu.
Nilikuwa natazama mlangoni.