Wastani

Majibu yametoka, akasema daktari,
na mimi, mwalimu wa hesabu mwaka wa kumi na tisa,
nikakaa wima kama mtahiniwa.

Asubuhi nilikuwa nimelalia ubavu wa kushoto,
shati kitini, mafuta ya baridi kifuani,
nikiutazama moyo wangu kwenye kioo
ukipiga makofi gizani bila hadhira.
Dada wa mashine, beji yake ilisema Nyemo,
alisimamisha picha, akapima toka nukta hadi nukta
kama fundi anayepima kitambaa cha mtu mwingine.
Kisha akafungulia sauti:
shwaa, tu. Shwaa, tu.
Bomba la mtaani kwetu Bahi hulia hivyo
siku maji yanapokatika.

"Vali inavuja."
Neno hilo nalijua. Mwaka mtihani ulipovuja
tulihojiwa walimu watano mpaka usiku,
na bahasha yenyewe sikuwahi kuiona.
Nikataka kujitetea tena.

"Inavuja kwa wastani."
Wastani!
Nimeliandika kwa kalamu nyekundu
kwenye ripoti za watoto wa watu,
wastani, aongeze bidii,
leo limeandikwa kwangu
na chini yake: asiongeze bidii.

Akanichorea mlango, bawa moja limelegea bawabani.
Damu inapita, akasema, ila nyingine inarudi ilikotoka.
Msuli bado una nguvu. Hatupasui.
Miezi sita, uje tupime tena.
Tembea. Baiskeli, kwenye tambarare tu.
Usinyanyue gunia la mpunga huku umebana pumzi.
Mbio za kushindana, hapana.

Na uamuzi? nikauliza.
Akadhani nauliza uamuzi wake, akaanza upya,
mlango, bawa, miezi sita.
Uamuzi wa mpira, daktari. Filimbi.
Jumamosi tunacheza na Kigwe.

Akaangalia karatasi muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maneno.
"Labda uchezeshe umesimama."

Jumamosi filimbi nilimpa Lechipya,
niliyemfundisha sehemu na desimali.
Vumbi lilipanda, yeye akapotea humo akikimbia,
mimi kivulini mwa ukuta wa zahanati, naandika magoli.
Dakika ya sitini beki wa Kigwe alimkata mtu miguu;
mkono wangu ukapanda wenyewe shingoni
kutafuta kamba.

Amri moja ya daktari ndiyo ninayoielewa:
ukitembea, zungumza.
Sentensi ikikatika katikati, kaa chini.
Basi alfajiri, upepo wa Julai ukichapa masikio,
natoka nyumbani hadi relini
nikisoma jedwali la kumi na saba kwa sauti,
na Sechelela wangu nyuma, kidato cha pili,
amekuja, anasema, kwa ajili ya hesabu.

Mara tano, themanini na tano.
Mara sita, mia na mbili.
Hapo tuta la reli linaanza kupanda.
Mara saba, mia na

Hajibu. Analijua jibu, nilimfundisha mimi.
Anachuchumaa, anafunga upya kamba ya kiatu
ambayo haikufunguka,
anaifunga taratibu, fundo juu ya fundo,
mpaka nisikie shwaa ikishuka,
mpaka niseme mwenyewe:
kumi na tisa.