Kijisanduku cha Tisa

Ibra, saa nane za usiku. Kiyoyozi kinakohoa
kama mjomba aliyeacha sigara kwa mdomo tu.
Ninachora. Ukurasa una vijisanduku tisa:
vinane vimejaa, cha tisa kimenitolea jicho jeupe.

Katuni yangu ina mwanamke mchukua roho.
Nimempa mundu mrefu, joho linaloburura,
kidevu cha mfupa. Nimemwita Binti Kaburi.
Nilijiona nina akili.

Akaingia bila hodi. Hakupita mlangoni,
alipita pale ukuta ulipokuwa umechoka.
Abaya yake ina vumbi la barabara ya Sinau,
ndara za plastiki, moja imeshonwa kwa waya.
Akainamia meza. Akavaa miwani.

"Huyu ndiye mimi?"
Nikasema, labda.
"Mundu wa nini? Kwani mimi navuna mtama?"
Nikasema, ndivyo wanavyokuchora huko kwingine.
"Huko kwingine kuna baridi, mwanangu.
Joho hilo nilivae mwezi wa saba, Ibra hii,
nife na mimi?"

Nikacheka. Mola anisamehe, nilicheka
mpaka wino ukamwagika kwenye mkono wa mundu.
Akavuta kiti. Akaomba maji ya barafu,
akayashika glasi mashavuni, hakuyanywa.
Akanieleza: hana mundu, ana daftari,
na majina yake ni madogo kama chungu,
na macho yake si yale ya zamani.
Juzi, Mudhaibi, aliita "Nasra!" kwenye arusi,
wakaitika kumi na mbili, labeka, labeka.
"Niliyemtaka akaniambia, ngoja nikaange sambusa.
Nikangoja. Ulitaka nifanyeje?
Zilikuwa za nyama."

Nikamuuliza: kukoje huko unakowapeleka?
Akagusa kijisanduku cha tisa kwa ukucha.
"Hiki mbona umekiacha hivi?"
Sijui nichore nini humo.
"Basi hapo ndipo ulipopatia."

Hapo ndipo kicheko kikanikauka.
Nikakumbuka kwamba mgeni hana sababu ya kuja
kutazama katuni za binti asiyelala.
Chumba cha pili amelala bibi yangu, Bibi Ghaliya,
miaka sitini Ibra na bado anamtukana jogoo
kwa Kiswahili cha Wete.

Sikuuliza. Mlango ulifunguka wenyewe.
Bibi amejifunga shela ya Idi, mkoba kwapani,
wanja umepinda jicho la kushoto.
"Nasikia mtu anasema Kiswahili.
Ni wewe? Mbona umechelewa?
Tangu mfungo nakunja mkeka nakunjua mkeka!"
"Nyumba hazina namba, Bibi."
"Ungeuliza kwa muuza halua. Kila mtu anauliza kwa muuza halua."

Akaja mezani. Akaitazama kazi yangu,
mara ya kwanza, kwa makini, na mara ya mwisho.
"Mundu huu futa. Mtie ndara.
Na huyo mwenye roho mbona umemchora analia?
Wengine tumechoka tu."

Akanibusu hapa, kwenye kipaji.
Midomo yake ilikuwa bado na joto la usingizi.
Nje palikuwa na giza, na mfereji wa falaji
hauna ukingo pale karibu na mitende.
Yule wa daftari akasita, akapapasa hewa.
"Nipe mkono," akasema bibi, "wewe huoni vizuri,
utatumbukia, halafu nani atanipeleka?"
Wakaenda hivyo, bibi mbele.

Kiyoyozi kikazima, kikawaka.
Alfajiri walikuja wanawake, na ndoo, na udi,
na shangazi Zeyana akauliza kwa nini
vidole vyangu vina wino siku kama hii.

Mundu nimeufuta. Karatasi imechubuka hapo,
inaonekana kama kovu.
Ndara nimezichora, na ule waya.
Cha tisa sijakigusa.
Glasi ilikaa juu yake usiku kucha,
imeacha duara la maji, halijakauka sawasawa.