Kujisemua

Funga ina fungua yake.
Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua.
Hata vaa, ukiibana kidogo, hutoa vua.
Lakini sema
nimeigeuza ndani nje kama mfuko wa koti,
haikudondosha kitu.

Kule Asturias, milimani, kunakonyesha hata Agosti,
kitenzi hicho wanacho: desdecirse.
Kwa kukisia, kujisemua.
Angalia hiyo -ji-:
kinachofunguliwa si neno, ni msemaji.

Herminia alisema, pale kinuni,
gunia lake la mahindi likingoja zamu,
kwamba Belarmino amelihamisha jiwe la mpaka usiku.
Alisema mara moja. Tena kwa kunong'ona.
Jumapili neno lilikwishaota miguu.
Msimu wa tufaha ulipofika Belarmino
alikuwa ameuza ng'ombe wanne,
na kanisani anakaa nyuma, karibu na mlango.

Miaka tisa.
Kisha mto ukafurika, ukakwangua ukingo,
na jiwe likaonekana palepale lilipokuwa siku zote,
limelala ubavu, na msalaba wake uliochongwa,
tope tu lilikuwa limelifunika.

Hakimu akaandika: ajisemue
mahali palepale, mbele ya walewale, kwa sauti ileile.

Mahali: kinu sasa ni banda la kukodisha baiskeli.
Walewale: Ovidio kaburini, Celsa kaburini,
Nel yuko Buenos Aires na hajibu barua.
Ikabaki sauti.

Sisi tungemwambia afute kauli,
kana kwamba kauli ni chaki;
au alambe matapishi yake, nasi tukae tumtazame.
Herminia alizunguka baiskeli mbili za njano,
akaenda upande wa kulia wa Belarmino,
upande wa sikio lililobaki zima,
akanong'ona.
Kwa muda mrefu kuliko siku ile.

"Amesema nini?" karani akauliza, kalamu hewani.
Belarmino akafunga kifungo cha koti.
Akakifungua.
"Nimesikia mimi. Andika hivyo."

Mvua ikawa imeshika.
Mwavuli ulikuwa mmoja, wa Herminia,
na hakuna aliyeufungua.
Walisimama mlangoni wote wawili wakiitazama.

Nyesha nayo nimeijaribu.
Haina nyeshua.