Nalisha Maji

Siku ya tisa leo
na Faki bado anachungulia dirishani:
"Fundi, samaki wako wapi?"
Hawapo.
"Na hicho unachotia?"
Dagaa mmoja, nimemsaga.
"Unamlisha nani?"

Nalisha maji.

Akaondoka nalo hilo hadi barazani.
Magharibi haijaadhiniwa, Jadida nzima inajua
fundi mafriji wa Wete kaanza:
kakata vioo, kavigundisha mwenyewe,
katia mchanga, kawasha pampu,
sasa anakaa kuyatazama maji yakipumua.

Wacheke.
Mwaka jana nilikuwa na haraka kuwashinda.
Maji yalikuwa maangavu hata kioo hukioni,
nikasema, safi namna hii, tungoje nini?
Nikatia samaki saba wa dhahabu
waliovuka kutoka Unguja ndani ya mfuko wa nailoni,
mapajani mwa shemeji yangu, usiku kucha.
Siku ya tatu wakapanda juu, midomo wazi,
wakigombea hewa kama wenye pumu.
Ya tano Salhiya akawahesabu: wanne.
Ya saba hakuwa na cha kuhesabu.

Tuliwafukia nyuma ya choo, chini ya mpapai,
na mpapai ule, nisiwafiche,
haujapata kuzaa vile.

Mpapai ulijua nisilolijua:
wapo walao uozo wakaugeuza riziki,
wadogo, jicho haliwapati,
na udongo mkongwe umewajaa.
Maji yangu yalikuwa safi
kama nyumba isiyo na mtu wa kuifagia.
Samaki hakufa njaa humo.
Alikufa kwa choo chake mwenyewe.

Safari hii nimekwenda Limbani
kwa Mwalimu Shaame wa skuli, tangi lake lina miaka sita,
nikamwomba sponji yake kuukuu,
nyeusi, inanuka kinamasi.
Akanipa kwa mikono miwili,
kama jirani anavyokupa kijiko cha mtindi wa jana
ukagandishe wa kesho.

Tone la kwanza likageuka kijani: sumu ipo.
Nikafurahi. Mtu mzima, nafurahia sumu!
Usiku wa kumi na nane umeme ukakatika,
pampu ikanyamaza, nami nikaruka kitandani bila shati
kuiunga kwenye betri ya vespa.
"Nani anakufa?" mke wangu akauliza gizani.
Humjui, nikamwambia. Hata mimi sijamwona.

Kijani kikafifia, zambarau ikapanda kichupa cha pili:
wa kwanza wamekula, wameacha sumu nyingine
kwa wenzao wanaochelewa.
Na hao huchelewa kweli.
Wiki nzima zambarau. Wiki nyingine zambarau.
Nikakaribia kuchota ndoo nimwage kila kitu.

Mama peke yake hakucheka.
"Mwana hutolewa nje arobaini," alisema, anachambua mchele,
"samaki unamkimbilia nini?"

Ikawa asubuhi ya thelathini na saba
Salhiya akainua vichupa kwenye mwanga wa dirisha.
Cha kwanza manjano. Cha pili samawati.
Cha tatu chekundu, kama chai ya rangi:
sumu imekwisha, kilichobaki ni mbolea.
Hakupiga kelele. Alichota ndoo moja,
akaizungusha nyuma, akaupelekea mpapai.

Faki kaja na swali lake lile lile.
Salhiya akamwahi:
"Wenyeji wapo. Wageni kesho."

Faki akasogeza uso hadi kioo kikaingia ukungu,
akatazama mchanga, akatazama maji matupu,
kisha kwa sauti ya chini,
kama mtu aliyeingia chumba chenye waliolala,
akasema: "Assalamu alaykum."

Hadi leo sijui kama alikuwa akinicheka.