Swali Kabla ya Kitufe

Twaha hakuja kula. Alikuja na nati.
Aliitua juu ya sinia, kando ya viazi vya karai,
ikalia ting,
na mama akaacha kukata ndimu.

"Hii uliiona wewe kwanza," akasema.
Kweli. Niliiona kabla ya daktari,
usiku ule wa stendi, wagonjwa wamelazwa hadi veranda:
nyeupe pe ndani ya filamu, chini ya ubavu wa Saumu, mpwa wangu,
nati ya baiskeli, ya kumi na nne,
kitu cha kuokotwa kwenye mchanga wa gereji yoyote Makupa.
Miaka tisa alikuwa nayo Saumu.
Filamu yake ingali kabatini kwetu, Makadara. Siwezi kuitupa.

"Basi nieleze, wewe wa mionzi.
Wenye mabomu yale makubwa wanayaweka ya nini?
Wale wako msituni, ng'ambo ya mpaka.
Si watu, ni siafu. Liangushwe moja tu, wawe vumbi, yaishe.
Litatosha au halitoshi?"

Nilitaka kumwambia kwamba siafu hawana mji mkuu.
Kwamba aliyerusha hakutoka msituni:
alipanga chumba Mshomoroni, mlango wa tatu,
kodi akilipa tarehe mbili, hakumbushwi,
na asubuhi akimtuma mwana wa jirani mahamri.
Choo walitumia watu kumi na saba.
Tuliangushe wapi, shemeji? Choo ni kimoja.

Nilitaka kumwambia kaskazi haina pasipoti;
vumbi analoliomba litapita Kiunga, litapita Lamu,
litatua uani hapa, kwenye kanga za mama.

Lakini mdomo ulileta jambo dogo, la kazini.
Twaha, nikasema, chumba changu kina ukuta wa risasi.
Risasi, ndiyo, jina lile lile,
ila hii imewekwa ikinge.
Juu ya mlango pana taa nyekundu.
Kifuani nabandika beji ya kuhesabu
kilichonipata mwezi huu.
Na kila mwanamke anayepanda kitanda kile,
awe bi harusi aliyeteguka mguu,
awe mke wa askari, awe mama wa gaidi
(sijui, fomu haina nafasi ya hilo)
namwinamia, kabla ya kitufe, namuuliza:
Una mimba?
Kwa mwali mwembamba kuliko uzi wa buibui.
Kwa kufumba na kufumbua.
Nauliza.
Kitufe cha bomu lile kiko mbali mno
mtu kusikia anavyojibiwa.

Twaha akatazama viazi vinavyopoa.
Akaichukua nati, akaivika kidole cha mwisho
kama pete, ikakwama kwenye fundo.
"Na wao," akasema, "walimuuliza Saumu?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.
Mama akakata ndimu nyingine ambayo hakuna aliyeitaka.
Mwadhini wa msikiti wa pili akaanza
kabla wa kwanza hajamaliza.
Nilimpa sabuni aivue ile nati. Akakataa.
Akaondoka nayo kidoleni, kimevimba,
hata kwaheri hakuaga.

Asubuhi mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana
mwenye kikohozi cha wiki tatu.
Nikasoma anwani: Mshomoroni.
Nikaisoma tena.
Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna anayenisikia:
mkono ulisita.
Nilitaka kujua mlango wa ngapi.
Nilitaka kujua aliyekuwa akitumwa mahamri alikuwa nani kwake.

Akakohoa. Akaomba radhi kwa kukohoa.

Nikamfunga aproni nzito kiunoni, fundo mbili,
nikamwinamia,
sauti ikatoka chini kuliko siku zote.