Pumzi ya Friji

Somoe kaniletea picha kutoka ncha ya kusini:
mawingu yaliyo juu kuliko njia za ndege,
rangi ya ndani ya chaza.
"Usiyasifu, baba," kaandika.
"Kwenye chembe zake za barafu
klorini hungoja kiza kiishe.
Jua likirudi, huamka na njaa,
huila ozoni."

Nimekaa dukani Langoni, spana mkononi.
Miaka ile nilikata mrija,
gesi ikatoka fsss,
paka wakatimka, nikacheka.
Nilidhani imeishia uchochoroni.

Hakuniuliza ni friji ngapi.
Ya Bi Mwanamize.
Ya kiwanda cha barafu.
Ile ya hospitali, mara mbili.

Leo nafunga mpira kwenye mtungi,
naivuta gesi taratibu.
Mteja anang'aka: "Hewa tu hiyo, fundi!"

Ngoja, namwambia.
Ngoja.