Lumbesa

Kifurushi cha usiku huanza saa sita.
Mpaka hapo nimeshapima mahindi ya watu,
magunia mia mbili arobaini na moja,
pumba kwenye nyusi, pumba kwenye chai,
na sauti imenikauka kwa kubishana na wanunuzi
wanaotaka gunia livimbe, livikwe kilemba,
kisha liitwe gunia.

Saa sita na dakika moja nawasha simu.
Profesa yuleyule, sweta lilelile la kijani,
ubao mweusi kama ule wetu wa shule ya msingi
ila wa kwake unapanda na kushuka.
Nilipofeli hisabati kidato cha nne
hakuna aliyeniambia kwamba mbele kulikuwa na hadithi.

Anasema: kuna hoteli ya vyumba visivyo na mwisho,
na vyote vimejaa. Mgeni anapiga hodi.

Nasimamisha. Naiona gesti ya Chilewa hapa Kibaigwa,
vyumba tisa, madereva wa malori wamelala kwenye mabenchi.
Naendelea. Wa chumba cha kwanza ahamie cha pili,
wa pili cha tatu, wa tatu cha nne,
kila mtu koridoni na ndoo yake,
mgeni anapata kitanda.

Wanafunzi wake wanacheka. Walicheka miaka kumi na moja iliyopita.
Mimi nacheka sasa hivi, baada ya kurudisha nyuma mara nne,
maana Kiingereza chake kinakimbia
na maandishi ya chini yanakifukuza yakihema.

Sechelela anageuka kitandani: "We, zima hiyo taa."
"Subiri. Ukiongeza moja kwenye kisicho na mwisho
unapata kilekile."
"Hiyo si lumbesa?" akasema, akavuta shuka.

Ndiyo hiyo, dada.
Miaka yote hii debe juu ya debe,
gunia ni moja, bei ni moja,
kumbe walikuwa wanatufundisha hesabu ya juu.

Akafuta ubao kwa kiganja. Akasema
visivyo na mwisho navyo vina wakubwa na wadogo,
na hapo hapo salio likakata.

Asubuhi, jamaa wa Fuso ananisogezea gunia
lenye mdomo wazi na wavu juu yake.
Nikamwambia: kaka, mahindi ya huyu mama yana mwisho.
Vua hicho kilemba.
Panda nalo kwenye mizani.